Ukungu wa Kasese na Bwera katika Picha: Huzuni ya Nani?

Kila mwaka ifikapo Novemba, simu zetu hujaa picha za ukungu. Mwanafunzi wa Bwera hutuma barabara inayopotelea katika weupe. Wa Kasese mjini hutuma mlima usio na miguu, umeelea juu ya wingu. Wa Kilembe hutuma nguzo za umeme zikififia moja baada ya nyingine. Picha hizi hupendwa sana, na ukiuliza kwa nini, jibu huwa moja: zina hisia. Tahakiki hii inauliza swali ambalo tumezoea kuliuliza tunaposoma shairi au riwaya, lakini tunalisahau tukiwa mbele ya picha. Hisia hizo zimetoka wapi, na ni za nani?

Hoja yangu ni kwamba nyingi ya picha hizi zimeazima huzuni ya majira ambayo sisi hatuna, na kwa kuazima huko zimeficha hisia ambazo asubuhi za kwetu zinazo kweli. Sipingi huzuni katika sanaa. Ninachodai ni kwamba hisia ya picha iwe na chanzo chake ndani ya picha yenyewe. Mwalimu hakubali tuseme shairi lina toni ya majonzi bila kumwonyesha maneno yaliyoijenga toni hiyo. Picha nayo ihukumiwe kwa kanuni hiyo hiyo.

Tuanze na majira. Nchi za kaskazini ya mbali zina kipindi ambacho kwa Kiswahili huitwa mapukutiko: majani hubadilika rangi na kuanguka, mchana hufupika, na baridi kali husogea. Kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa Novemba, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukungu wa asubuhi katika mwezi huo huja pamoja na matawi matupu na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Peter Henry Emerson, mpiga picha wa Uingereza, alitoa mwaka 1895 kitabu kiitwacho Marsh Leaves, chenye picha za nchi ya majimaji ya mashariki mwa Uingereza. Humo vitu vimebaki vichache mno: mti, mashua, mstari wa upeo. Upweke wa picha hizo haukubandikwa juu. Umetokana na mahali penyewe na majira yenyewe.

Mfano wa pili ni Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wake wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia mwaka 1940, mji wake ukiwa chini ya utawala wa Wajerumani, alipiga picha dirisha la karakana yake miaka nenda miaka rudi. Kioo kina mvuke na matone, na nje unauona mti kama kivuli. Ukungu ule hauko shambani, uko kwenye kioo, baina ya mtu aliye ndani na ulimwengu ulio nje. Mtazamaji akijua mwaka na mji, anaelewa kwa nini dirisha lile linabana kifua. Katika kazi za wote wawili, mandhari na dhamira vimeshikana.

Sasa turudi kwetu. Mstari wa ikweta unapita ndani ya wilaya ya Kasese. Mchana wetu una urefu ule ule, takriban saa kumi na mbili, Juni na Desemba. Jua la Novemba huchomoza kabla ya saa moja asubuhi, karibu sawa na la mwezi mwingine wowote. Miti yetu haivuliwi nguo na baridi. Novemba ni mwezi wa mvua: maharagwe yako shambani, migomba inang'aa, na miteremkoni watu wanaangalia mibuni yao. Wako wafasiri ambao neno la Kizungu la mapukutiko hulitia katika Kiswahili kwa neno "vuli", kwa kuwa miezi inakaribiana. Lakini vuli ni mvua, na mvua ni mbegu. Neno moja linasema majani yanaanguka, jingine linasema majani yanaota. Picha ya Bwera ya mwezi wa Novemba ikiandikwa chini yake maneno kuhusu majani yaliyoanguka na mwaka unaokufa, kosa lake ni lile lile la tafsiri: imechukua kalenda ikaacha maana.

Mtu ataniambia kwamba ukungu ni ukungu, uwe wa Prague au wa Mpondwe. Kwa upande wa maji ni kweli, kwani popote ni matone madogo yanayoelea hewani. Lakini namna unavyokuja na kuondoka katika bonde letu ina tabia yake, na mpiga picha asiyeijua atapotoshwa. Usiku mvua ikikatika na anga ikiwa wazi, ardhi iliyolowa hupoteza joto lake upesi. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka milimani na kujikusanya mabondeni, na unyevu uliomo hugeuka ukungu. Kwa hiyo mara nyingi ukungu wa alfajiri katika bonde ni dalili kwamba juu kuko wazi. Anayepanda mlima kidogo saa kumi na mbili na nusu anaweza kuuacha chini na kuona Rwenzori mzima. Jua likipanda, mambo hugeuka: bonde linafunguka, hewa yenye joto na unyevu inapaa miteremkoni, na vilele vinajifunika wingu. Ni kama chini na juu vinapokezana shuka moja. Saa ya picha kwa hiyo ni sehemu ya maana yake. Mlima uliofunikwa saa nne asubuhi na bonde lililofunikwa saa kumi na mbili ni habari mbili tofauti, lakini picha nyingi tunazotumiana hazituwezeshi kujua tunaona ipi.

Kamera nayo ina mchango wake katika huzuni hii, na mchango huo hauna ushairi wowote. Kipima mwanga cha kamera, hata cha simu, huanza na dhana kwamba mandhari yoyote, nyeupe na nyeusi zikichanganywa, hutoa kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ukungu, ambao karibu wote ni mweupe, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Matokeo ni ukungu wa kijivu kama majivu. Aliyekuwapo anakumbuka weupe uliomfanya akunje macho. Picha inamwonyesha giza la masika. Dawa yake ni ndogo: ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu, na kwenye simu nyingi unagusa kioo na kuisukuma alama ya jua juu. Kisha huja vichujio vya rangi, vinavyomwaga samawati juu ya kijivu hicho. Kwa hiyo baadhi ya majonzi tunayoyasifu ni hesabu ya mashine ambayo hakuna aliyeisahihisha. Mhakiki anayesema picha hiyo "inaakisi unyonge wa binadamu" hana budi kwanza kuuliza kama haikuakisi kipima mwanga tu.

Kabla yetu wapo waliopambana na ukungu huu kwa nia nyingine kabisa. Henry Morton Stanley alifika karibu na milima hii mwanzoni mwa mwaka 1876 na hakuiona theluji. Ilibidi arudi katika safari nyingine, hadi Mei 1888, ndipo akaiona. Mwaka 1906 ulikuja msafara wa Waitaliano ulioongozwa na Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, ukapandia bonde la Mobuku, na tarehe 18 Juni ukafika Margherita, kilele cha juu kuliko vyote, chenye mita 5,109. Mpiga picha wake alikuwa Vittorio Sella wa Biella, aliyezaliwa mwaka 1859, ambaye kazi yake ya milimani ilikuja kusifiwa hata na Ansel Adams wa Marekani. Kwa Sella, wingu la Rwenzori lilikuwa adui wa kazi. Alitaka mwamba, ufa wa barafu, mstari wa ukingo, na mfululizo wa vilele kutoka upande hadi upande. Picha zake bora za kule juu zimekatwa kwa makali kama ya wembe. Chini zaidi, katika miti iliyofunikwa na kuvumwani na lobelia zilizo ndefu kuliko mtu, unyevu anauacha uingie, nao unatusaidia kuhisi jinsi mahali pale palivyolowa.

Uvumilivu huo ulizaa jambo ambalo halikukusudiwa. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Picha za Sella zimekuwa kipimo: wanaokwenda leo husimama na picha zake mkononi na kuuliza ukingo wa barafu uko wapi. Kama angeridhika na mlima ulioelea kwenye ukungu kwa sababu una hisia, tungekuwa na kumbukumbu nzuri ya wingu na hatuna ushahidi wa theluji. Hili ni onyo kwetu tunaopiga picha za mlima huo huo katika miaka ambayo huenda ni ya mwisho ya barafu yake.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe, na pia mwenye haki ahakikiwe. Uwazi wa Sella nao una ukungu wake. Msafara ule usingefika popote bila wapagazi, na miongoni mwao Wakonzo waliokuwa wakiijua njia na mahali pa kulala, likiwamo pango la Bujongolo lililofanywa kambi. Lakini tazama majina yaliyobaki kwenye ramani: Margherita na Alexandra ni malkia, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia ni wasafiri na watawala, Sella mwenyewe ana kilele chake. Wapagazi hawana. Sehemu kubwa ya kazi hii imeuonyesha mlima kwa ukamilifu, ikawaacha watu wake pembezoni.

Hapo ndipo picha ya mtalii ya leo inapokutana na picha ya Sella, ingawa moja inaupenda ukungu na nyingine inaukimbia. Zote mbili zinatafuta mlima usio na wenyewe. Wakati wenyewe wapo, na wana maneno yao. Kwa Lhukonzo, "nzururu" ni theluji, na jina Rwenzururu limejengwa juu ya neno hilo. Katika imani za jadi, kule kwenye theluji ndiko makao ya Kithasamba. Kwa aliyelelewa katika imani hiyo, kilele kilichojifunika si upweke wala si fumbo la kuuzia kadi za posta. Ni mlango uliofungwa wa nyumba yenye mwenyewe, na hisia yake inakaribia heshima.

Ziko pia hisia nyingine, na si zote nyepesi. Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika Kilembe, ukasomba nyumba na madaraja, na mara ya pili hospitali ya Kilembe yenyewe ikaharibiwa. Kwa mkazi wa bonde lile, wingu zito lililokaa juu ya mlima asubuhi linasomwa kama barua: juu kunanyesha kiasi gani, na mto utasema nini? Hiyo ni hofu yenye sababu. Bwera nako kuna kumbukumbu yake. Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe na Bwera kutoka upande wa Kongo, na Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule ya sekondari pale Mpondwe. Mpaka uko karibu, Mto Lhubiriha ni mwembamba, na asubuhi usiyoweza kuona mbele yako hatua thelathini haiwezi kumaanisha kwa mama wa pale kile inachomaanisha kwa mgeni aliyelala hotelini. Ukiipiga picha asubuhi hiyo na kuiita "utulivu", umeandika neno lako juu ya uso wa mtu mwingine.

Je, picha inaweza kufanya nini na haya yote? Nitasoma moja, ya mwanafunzi mwenzetu, iliyopigwa kando ya barabara ya Bwera kwenda Mpondwe siku ya soko. Mbele kabisa, kushoto, kuna kijana anayeuza rolex. Sigiri yake imewaka, na mkono wake umeshika yai juu ya kikaango, halijapasuliwa bado. Nyuma yake mwendesha bodaboda amevaa koti lake kinyumenyume, zipu mgongoni, kama wavaavyo wote wanaokwenda dhidi ya upepo wa baridi. Ng'ambo ya barabara wanawake watatu wenye mizigo kichwani wanaonekana mmoja kamili, mmoja nusu, na wa tatu kama doa. Baada ya hapo ni weupe mtupu.

Picha hii ina ukungu mwingi kuliko zote nilizoziona mwaka huu, na ndiyo isiyo na huzuni ya kuazima. Kwanza, ina kitu cha karibu. Yai lile ni kali na wazi, na kwa sababu ya ukali wake tunaweza kupima umbali wa kila kilichofifia. Ukungu bila kitu cha karibu ni karatasi tu. Pili, mpiga picha ameuacha ukungu uwe mweupe, kwa hiyo moshi wa sigiri unaonekana tofauti nao, una rangi ya samawati hafifu na unapanda wakati ukungu umelala. Macho yanajifunza kutenganisha kazi ya mtu na kazi ya hali ya hewa. Tatu, saa inasomeka. Koti lililogeuzwa linasema ni baridi, sigiri inasema siku imeanza, mizigo inasema soko halijajaa. Na wanawake wale watatu ni hadithi nzima: tunajua wanatoka mahali na wanakwenda mahali, na kwamba aliye doa sasa atakuwa kamili baada ya dakika moja. Katika picha za upweke tulizozizoea, mtu hutupa mgongo na kupotea ndani ya ukungu. Hapa watu wanatoka ndani yake.

Hisia yake ni gani basi? Nimejaribu kuipa jina na naona neno lililo karibu ni matarajio, pamoja na wasiwasi kidogo. Mfanyabiashara wa asubuhi hajui siku itampa nini. Hajui ni wateja wangapi watavuka kutoka Kasindi, wala kama mvua itarudi kabla ya saa sita. Ukungu unakaa vizuri na kutojua huko bila mtu yeyote kulia. Na ukitaka kuiweka huzuni humo, unaweza, kwa sababu kuna watu wa kuihisi. Katika barabara tupu iliyopakwa samawati hakuna wa kuihisi isipokuwa mpiga picha.

Najua pingamizi litakalokuja kutoka kwa wenzangu, tena ni zito. Watasema msanii ana uhuru, na kijana wa Kasese mwenye huzuni yake saa kumi na mbili asubuhi hahitaji kibali cha ikweta. Kafiwa, kakosa ada, kaachwa. Kwa nini barabara tupu isiwe yake? Nakubali kabisa. Huzuni haina uraia. Lakini mshairi mwenye huzuni hatusamehewi sisi wasomaji kumkubali akitumia theluji ya vitabuni kusema baridi ya moyo wake, ilhali nyumbani kwao hakuna theluji ila ile ya Kithasamba. Tungemwambia: tafuta taswira yako. Kama huzuni ni ya ada, basi ukungu uwe juu ya lango la shule na mtu amesimama nje yake. Kama ni ya msiba, kuna viti vya plastiki vilivyolowa umande baada ya watu kuondoka matangani. Hizo nazo ni asubuhi za ukungu, na hazikuazimwa kwa mtu.

Liko jambo moja ambalo linapaswa kutugusa zaidi sisi tunaosoma Kiswahili. Lugha hii ina alfajiri, mapambazuko, macheo, utusitusi, umande, ukungu na wingu, kila moja na mahali pake. Mtu mwenye maneno hayo ameshapewa zana za kuona. Anajua kwamba utusitusi ni wa mwanga mchache na ukungu ni wa maji, kwamba umande uko chini majanini na wingu liko juu, kwamba macheo yanakuja baada ya mapambazuko. Chini ya picha zetu, hata hivyo, tunaandika neno moja tu la kizungu la hisia, au kialama cha uso wenye machozi. Pendekezo langu kwa darasa letu ni la vitendo. Mwezi huu wa mvua, kila anayetuma picha ya ukungu aandike chini yake sentensi tatu za Kiswahili: ilikuwa saa ngapi, ni kitu gani kilichokuwa karibu naye, na ni nani alikuwa akipita. Atakayeshindwa kuijaza sentensi ya tatu arudi barabarani kesho yake mapema kidogo, asubiri. Siku ya soko hatasubiri sana.